Mlamba Mawe

Mara tatu siku hiyo Mwanamisi alichemsha chai, na mara zote tatu akasahau majani. Mara ya tatu mama yake, Bi Zainabu, alimimina kikombe, akayatazama yale maziwa meupe yenye sukari na tangawizi, akacheka mpaka ushungi ukamwangukia mabegani.

"Wewe msichana! Wageni wanatoka Bungu, siku mbili njiani, halafu tuwape maziwa ya mtoto mchanga?"

"Nimechanganyikiwa, Mama."

"Hilo naliona. Majani hayo hapo kwenye kopo. Tia, kabla sijakunyang'anya jiko."

Mwanamisi akatia majani. Akili haikuwa pale, wala si kwa baridi, ingawa baridi ya Mtae mwezi wa Juni si ya kufanyia mzaha. Ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini Juni, mwaka 1973, na katika Jumamosi hiyo moja yalijipanga mambo mawili ambayo kila moja peke yake lingetosha kumkosesha usingizi. La kwanza, mshenga wa Salimu alikuwa anakuja kuposa kwa mara ya pili. La pili, alasiri hiyo jua lingepatwa, na pale kijijini aliyelijua hilo alikuwa yeye peke yake. Redio ya duka la ushirika ilikuwa imenyamaza tangu mwezi wa tano kwa kukosa betri.

Na tuseme ukweli mapema, msomaji: kilichompendeza Mwanamisi kwa Salimu mwanzoni hakikuwa sura. Zilikuwa nyota.

Walikutana chuoni Dar es Salaam, wote wawili wakisomea ualimu wa sekondari, Mwanamisi jiografia na Salimu fizikia. Siku moja wanafunzi wa jiografia walipelekwa kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji, na Salimu, ambaye hakuwa na la kufanya, akadandia lori. Huko Mwanamisi aliokota jiwe, akatazama kulia, akatazama kushoto, akalilamba. Alikuwa amesahau kutazama nyuma.

"Dada," Salimu alisema, "chakula cha chuoni ndiyo kimekuwa kibaya kiasi hicho?"

Watu wakacheka. Mwanamisi hakucheka.

"Jiwe kavu limefumba macho," alimjibu. "Ukililowesha linafumbua. Unaona chembe zake, unajua lilizaliwaje. Maji sina, kaka yangu. Ulimi ninao."

Salimu akainama, akachukua jiwe lake, akalilamba mbele ya lori zima. Akaligeuzageuza juani, na uso wake ukabadilika.

"Yarabi," alisema polepole. "Kumbe nyota zipo na chini pia."

Kutoka siku hiyo wakawa na daftari moja. Mwanamisi aliandika mawe kuanzia ukurasa wa mbele, Salimu akaligeuza kichwa chini akaandika nyota kuanzia nyuma. Mwanamisi alimfundisha kijana kwamba milima yao ya Usambara ni mizee kuliko karibu kila kitu anachokijua. Kijana akamwonyesha sayari ya Zuhura jua likiwa bado halijazama, nukta nyeupe kwenye samawati, akamwelekeza kwa kidole bila kumgusa bega, na ile hali ya kutomgusa ikamkaa Mwanamisi begani wiki nzima. Miaka miwili baadaye, kati ya mawe na nyota ulikuwa umebaki ukurasa mmoja tu mtupu.

Mambo yaliharibikia nyumbani. Desemba iliyopita Salimu alifika Mtae kumtembelea rafiki yake mwalimu, na Mwanamisi akamwonyesha shamba la baba yake, lililo ukingoni kabisa, pale ambapo ardhi inakatika na tambarare za Umba zinaonekana chini. Katika shamba hilo ipo nguzo ya mawe waliyoijenga Wajerumani. Waliijenga wapima ramani, lakini kamwambie mtu wa Mtae! Kila mtu anajua kwamba chini yake Mjerumani alizika sanduku la dhahabu alipokuwa anakimbia vita. Na hatua chache tu kutoka kwenye nguzo ndipo alipolala babu yake Mwanamisi.

Miaka tisa nyuma walikuja wanaume watatu wenye nyundo na daftari. Walisema wanapima ardhi. Mzee Athumani, baba yake Mwanamisi, aliwapa chakula na mahali pa kulala. Asubuhi hawakuwepo, na kaburi la baba yake lilikuwa limefukuliwa kina cha kiuno. Alilifukia tena kwa mikono yake mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Mwanamisi alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuwahi kumwona baba yake akilia kabla ya siku ile, wala baada yake.

Basi fikiria mzee huyo, Desemba, anapanda shambani kwake na kumkuta kijana asiyemjua amesimama karibu na kaburi lile lile, nyundo mkononi, daftari kwapani, analamba jiwe.

"Anaonja dhahabu!" ndivyo alivyosema msikitini, na kabla ya wiki kwisha Salimu alikuwa na jina jipya kutoka Mtae hadi Mlalo: Mlamba Mawe. Barua ya posa ilipoletwa mwezi wa nne ilirudishwa bila kufunguliwa.

Ambacho Mzee Athumani hakukijua ni kwamba upande wa pili wa nguzo alikuwepo binti yake, na kwamba jiwe lile alikuwa amelilamba yeye kwanza, akampa Salimu, naye Salimu akalilamba pale pale palipolowa. Huo, msomaji, ndio uliokuwa ukaribu wao mkubwa kuliko wote mpaka siku hiyo. Baba alipotokea, Mwanamisi alijibanza nyuma ya nguzo. Miezi sita alikuwa amejibanza, akiacha jina baya limkae mtu aliyempenda.

*

"Hodi wenyewe!"

Mshenga, Mzee Hamisi, alikuwa baba mdogo wa Salimu, mtu mnene, mchangamfu, mwenye saa ya mkononi aliyopenda kuitazama hata asipotaka kujua wakati. Nyuma yake alisimama Salimu. Si kawaida mposaji kuja mwenyewe, ila Mzee Athumani alikuwa ametuma neno: safari hii aje, nimwone macho.

Mwanamisi alipowapelekea maji ya kunawa, hakuthubutu kuinua uso. Aliona viatu vya Salimu tu, vimejaa tope jekundu la njiani, na kamba ya kimoja imekatika na kuungwa kwa ukambaa. Akakionea huruma kile kiatu kana kwamba ni mtu.

"Binti," Mzee Hamisi alinong'ona akiinamia beseni, "huyu ameniambia jambo la jua njiani. Nilimcheka alipotuomba tubadili siku, kumbe ana maana yake. Ni saa ngapi hasa? Maana babako akikaza, mimi nitasimama, ninyooshe mkono juu, niseme, Mghosi Athumani, mzee mwenzangu, ukikataa..."

"Baba mdogo, hapana," Salimu alimkatiza.

"Mbona hapana? Tumetembea siku mbili!"

"Nataka aniamini mimi. Akiliogopa jua, kesho litarudi, na hofu itakuwa imekwisha." Kisha akaongeza, sauti ikashuka, "Hujambo, Mwanamisi."

"Sijambo," alijibu, na maji yakamwagika kwenye viatu vyote viwili.

Mkeka ulitandikwa uani, kando ya mlango wa jikoni. Juu ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, umefunika kila kitu kwa rangi ya majivu. Mzee Athumani alitoka ndani na kanzu yake nyeupe, mtu mfupi, mkavu, mkulima wa viazi na kabichi siku sita na imamu siku zote saba.

"Onga mshi," aliwasalimu kwa Kisambaa.

"Niwedi," Mzee Hamisi akajibu.

"Shikamoo, Mzee," Salimu aliinama.

"Marahaba."

Neno hilo moja lilitoka kavu mpaka Mwanamisi, aliyesimama nyuma ya pazia la mlango, akalishika pazia kwa mikono miwili.

"Mghosi Hamisi," Mzee Athumani alianza, "barua yenu hii hapa. Safari hii sikuirudisha. Lakini sijaifungua pia. Nina maswali machache kwa kijana, na yakijibiwa nitajua niifungue au niirudishe." Akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakifungua. Lilikuwa lile jiwe, la kijivu, lina mistari. "Unalifahamu?"

"Nalifahamu, Mzee."

"Ulilifanya nini?"

"Nililamba."

"Hatua mbili kutoka kwa baba yangu aliyelala."

"Nilikosa adabu, Mzee. Sikujua kama pale pana kaburi, lakini kutojua si kisingizio. Naomba radhi."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kuliona vizuri. Jiwe likilowa linaonekana."

"Nani alikufundisha uganga huo?"

Jicho la Salimu lilipita kwenye pazia mara moja, haraka, likarudi kwenye mkeka. Angesema jina moja tu na mzigo wote ungemtoka kichwani. Mwanamisi alilisubiri lile jina. Alitamani alitaje.

"Hilo, Mzee," Salimu alisema, "niruhusu nibaki nalo."

Mzee Athumani alitikisa kichwa kwa masikitiko, na si kwa hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. Akaichukua barua, akainyoosha kumwelekea mshenga. "Mtu anayenificha jambo dogo mbele ya kaburi la baba yangu, nitampaje mwanangu? Chukueni barua yenu. Mnywe chai, mwende salama."

Pazia likafunguka.

"Ni mimi, Baba."

"Mwanamisi!" mama yake aliita kutoka jikoni. Siku ya posa binti hatoki, hilo hata kuku wa nyumba ile walilijua. Lakini alikuwa ameshatoka, na miguu haikujua njia ya kurudi. Alipiga magoti ukingoni mwa mkeka na kuliweka daftari mbele ya baba yake.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Nililamba kwanza mimi, nikampa. Nilikuwa nyuma ya nguzo. Ulipokuja nikajificha, na miezi sita nimekuacha umchukie kwa kosa langu. Soma, Baba. Upande wa mbele, hapo nilipokunja ukurasa."

Mzee Athumani alivaa miwani yake iliyofungwa uzi. Akafungua, akasoma kwa sauti, polepole, jinsi alivyosoma kila kitu.

"'Mtae, shambani kwa Baba. Hatua chache kutoka nguzo. Jiwe la kijivu lenye mistari. Nimelilamba, likafumbua macho, likatoa chembe nyekundu kama mbegu za komamanga. Lilikuwa chini sana kwenye tumbo la dunia, likapikwa, likapanda. Huenda Baba analima juu ya kitu cha zamani kuliko wanyama wote.'" Akainua macho. "Huu mwandiko wako."

"Ndiyo, Baba. Mwandiko ulioulipia wewe kwa kuuza kabichi."

"Na dhahabu?"

"Hakuna dhahabu. Chini ya nguzo kuna mwamba, na chini ya mwamba kuna mwamba mwingine."

Bi Zainabu, aliyekuwa sasa amesimama mlangoni, hakujizuia. "Si nilikwambia? Mtoto huyu alikuwa anakula udongo wa kichuguu tangu hajaota magego. Tulimchapa, tukampeleka dispensari, kumbe alikuwa anasoma!"

Mzee Hamisi alicheka peke yake, akakohoa, akaitazama saa.

Mzee Athumani aligeuza daftari kichwa chini na kufungua upande wa nyota. Hapo mwandiko ulikuwa wa Salimu, mdogo, ulionyooka. Alisoma ukurasa wa kwanza kimya. Midomo yake ikasimama mahali, ikarudia.

"'Kilimia,'" alisoma sasa kwa sauti, na sauti haikuwa ile ya mwanzo. "'Nyota sita kwa jicho, zaidi kwa darubini. Mwanamisi alionyeshwa na baba yake mlangoni kwao, akiwa na miaka mitano, amebebwa begani, kabla ya msimu wa kulima. Ndiyo sababu anapenda mbingu. Kumshukuru mzee huyo siku nikimwona.'" Alimtazama binti yake. "Mpaka hili ulimwambia?"

"Ndilo la kwanza nililomwambia, Baba."

Mzee akafunua karatasi, moja, nyingine, mpaka ya mwisho iliyoandikwa. Akasogeza miwani.

"'Thelathini Juni, 1973. Jua. Mtae: kuanza saa tisa kasorobo hivi, katikati saa kumi na dakika chache.' Hiki nini?"

Mwanamisi aliuweka mkono juu ya ukurasa. "Jua litapatwa, Baba. Leo."

"Leo hii?"

"Leo hii."

"Saa ngapi sasa?"

"Nane na nusu," Mzee Hamisi alijibu, akifurahi hatimaye kuulizwa.

Mzee Athumani alisimama. "Umelijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa, Baba. Mshenga alichagua siku hii hii bila kujua. Nikasema utaona ni nuksi, utawarudisha."

"Nuksi!" Sasa hasira ilikuja, na ilikuja yote. "Mimi? Mwanamisi, nimekuwa imamu hapa miaka kumi na tisa. Nani aliyekufundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa sababu ya mtu kufa wala kuzaliwa, wala kuposwa? Kuna swala yake, ya kusufu. Nimeisoma kitabuni tangu ujana wangu na sijapata kuiswalisha hata mara moja, maana jua likipatwa huku kuna mawingu, au tunachelewa kujua. Maisha yangu yote nimeisubiri. Na wewe, binti yangu, umekaa na saa yake kwenye daftari ukaninyima!"

Aibu ilimshika Mwanamisi, aibu ya kweli. Alikuwa amepima umbali wa nyota na umri wa milima, akajiona msomi, na katika yote hayo hakuwahi kumpima baba yake. Alimweka kundi moja na wanaotetemeka kuku akiwika ovyo. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, Baba. Nilikudhania mdogo."

Mzee alimgeukia Salimu. "Hesabu hizi ni zako?"

"Ndiyo, Mzee. Nilipata za Nairobi, nikazishusha mpaka huku. Naweza kukosea dakika tano."

"Kukosea dakika tano si dhambi. Na kukosea siku?"

"Siku sikosei."

"Basi nakwenda kuita watu."

"Baba Mwanamisi!" Bi Zainabu alimwekea mkono mlangoni. "Na ukungu huu? Utawatoa watu mashambani, lisionekane? Wale wa dukani watakucheka mpaka Ramadhani."

"Watanicheka mimi." Alivaa kofia yake. "Neno la mwanangu nimelichukua. Sina haja ya kulikagua mara mbili."

Akaondoka, kanzu ikipepea. Barua ya posa ilibaki kwenye mkeka, haijafunguliwa, haijarudishwa, na jiwe limewekwa juu yake isipeperuke.

*

Saa tisa ikafika. Ukungu. Saa tisa na robo, ukungu. Kutoka msikitini, nyumba tatu chini, zilisikika sauti za wanaume, za mzaha kwanza, kisha za uchovu.

"Athumani, viazi vyangu vinanisubiri!"

"Binti amesoma Dar es Salaam, labda jua linapatwa huko huko!"

Wakacheka. Sauti ya Mzee Athumani haikusikika hata mara moja. Mwanamisi alisimama uani na kanga imekazwa mabegani. Salimu alisimama hatua tatu kutoka kwake, na Bi Zainabu ameketi katikati akichambua mchele uliokwisha chambuliwa.

"Una hakika?" Mwanamisi aliuliza kwa mara ya nne.

"Limeshaanza," Salimu alisema. "Huko juu limeshaanza kumegwa. Ni sisi tu tusioona."

"Akidhalilika leo, sitajisamehe. Si kwa ajili ya posa. Hata ukirudi Bungu na barua yako, Salimu, sawa. Lakini yeye asidhalilike. Alinipeleka shule ndugu zake wote wakikataa."

"Najua."

"Kwa nini hukunitaja?"

Salimu alifikiri. "Wewe ndiye uliyenipa mawe. Kabla yako nilikuwa natembea juu yake tu. Mtu aliyekupa kitu kama hicho humtaji ili ujiokoe."

Bi Zainabu aliacha kuchambua mchele, akapangusa jicho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi. Jiko lilikuwa limezimika tangu mchana.

Ilikuwa kama saa kumi kasoro dakika kumi kuku walipoanza kuingia bandani, mmoja mmoja. Baridi iliongezeka. Ule weupe wa ukungu ukawa wa kijivu, kisha upepo ukapanda kutoka Umba kama unavyopanda kila alasiri, ukaukata ukungu vipande, na juu ya paa la msikiti likatokea jua.

Lilikuwa limeliwa zaidi ya nusu.

"Msilitazame!" Salimu alipaza sauti mpaka msikitini. "Litaharibu macho! Tazameni chini!" Akageuka huku na huku, akaliona chujio la bati la kuchujia togwa limetundikwa mlangoni, lile alilolitoboa Mzee Athumani mwenyewe kwa msumari. Akalitungua, akaliinua juani, na juu ya mkeka, juu ya jiwe, juu ya barua, zikatokea hilali ndogo ndogo, kila tundu na hilali yake.

Kutoka msikitini kilipanda kilio kimoja cha "Allahu akbar", wa mzaha na wa viazi wote wamo, na baada yake sauti ya Mzee Athumani, imara, ikiwaita watu kwenye swala ya jamaa.

Salimu na mshenga walishuka msikitini, na Mwanamisi na mama yake wakaswali ndani, wakiifuata sauti ya Mzee Athumani kutoka mbali. Ilikuwa swala ndefu. Aliinama, akainuka, akasoma tena, akainama tena, kila rakaa rukuu mbili, hakukosea popote, kana kwamba ameiswalisha kila wiki kwa miaka kumi na tisa. Kwenye sijida Mwanamisi hakuomba kitu. Kila alipotaka kuomba, lilimjia neno la shukrani badala yake: kwa bega alilobebwa, kwa kabichi zilizouzwa, kwa upepo wa Umba, kwa kijana aliyelamba jiwe mbele ya lori zima.

Mzee Athumani aliporudi uani, jua lilikuwa bado halijapona. Mzee Hamisi alikuwa amekamata chujio kwa mikono miwili kama mtoto, amekataa kumpa mtu mwingine. Zile hilali zilianguka kwenye kanzu nyeupe ya mwenye nyumba. Akasimama. Akanyoosha kiganja, zikajaa kiganjani. Akakifumba, akakifumbua, bado zipo.

"Mzee," Salimu alisema, "pale kwenye daftari niliandika nitakushukuru siku nikikuona. Asante kwa kumwonyesha Kilimia."

Mzee Athumani aliketi, akaliondoa jiwe juu ya barua. Aliligeuza. Akamtazama mkewe, akamtazama mshenga, kama mtu anayehakikisha kwamba wote wanaangalia. Kisha imamu wa msikiti akatoa ulimi, akalilamba.

"Baba Mwanamisi!" Bi Zainabu alishika mdomo.

Chembe nyekundu ziliwaka juani. Mzee akalisogeza karibu na miwani, akalisogeza mbali, na bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko, kile kicheko chake cha zamani ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu kaburi lifukuliwe.

"Sasa limefumbua," alisema. "Kumbe baba yangu amelala penye vitu vizuri hivi."

Akaiweka barua mfukoni mwa kanzu. Hakusema anaifungua, hakusema anairudisha. Badala yake akaomba kalamu. Alifungua daftari katikati, kwenye ule ukurasa mmoja mtupu kati ya mawe na nyota, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu alizomfundisha Mwanamisi madrasani kwake tangu utotoni. Akampa.

"Hongea, mwanangu, asante," alisema. "Wasomee wageni. Macho yangu yamechoka."

Macho yake hayakuwa yamechoka. Mwanamisi alishika daftari, akafuata maneno kwa kidole.

"'Leo, Jumamosi, nimeswalisha kusufu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alhamdulillahi. Saa yake nilipewa na binti yangu Mwanamisi na...'"

Kidole kilisimama juu ya neno. Akarudi nyuma, akalisoma tena kimoyomoyo.

"Na nani?" Mzee Hamisi aliuliza, chujio bado liko juu. "Soma, mama, mbona umekatia njiani? Na nani?"

Mwanamisi aliinua uso, akamtazama Salimu waziwazi mbele ya wazazi wake, kwa mara ya kwanza siku ile.

"'...na mume wake,'" alisoma.